Shajara ya mradi: fremu kuukuu kuwa baiskeli ya ufukweni

Kabla ya kununua hata nati moja

Fremu imeshapatikana. Ni ya chuma, mabomba yamepinda kwa madaha ya zamani, rangi imebabuka, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) bado ipo ila imechoka. Ninachotaka ni baiskeli ya ufukweni hasa: unakaa wima, usukani mpana unakufuata wewe badala ya wewe kuufuata, tairi nene, gia moja. Itapita kwenye ule mchanga mgumu unaobaki maji yakishakupwa. Mbio sizitaki, milima haimo kwenye hesabu.

Njia ya mkato ni kununua iliyokamilika, na nimezitazama nyingi. Kwa mbali zinavutia. Ukiinama ndipo unaona rimu za chuma zilizopakwa kromu, spoki za chuma cha kawaida, na gololi zilizowekewa grisi ya kuonjesha tu. Hizo ni za kupita barabara iliyo kando ya bahari. Zikizoea maji yenyewe, kutu huanzia ndani ya rimu, kwenye matundu ya spoki ambako kromu haikufika, na ukija kuiona nje kazi imeshakwisha.

Kwa hiyo kanuni ya mradi huu ni moja: kila kipuri kitaulizwa kama kitaoza kikiloa chumvi, na kama mchanga ukiingia utatoka. Kisichojibu vizuri hakipandi. Mtambo wa kubadilisha gia nyuma ulianguka hapo hapo, pamoja na waya zake.

Inashangaza kidogo kwamba umbo hili halikubuniwa kwa ajili ya bahari. Mwaka 1933, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, kampuni ya Schwinn ya Chicago ilileta baiskeli iliyoitwa B-10E, yenye tairi la puto la upana wa inchi 2.125 na umbo lililoiga pikipiki. Mteja aliyelengwa alikuwa mtoto wa kiume anayepanda na kushuka kingo za barabara siku nzima. Tairi nene, chuma kizito, hakuna cha kuharibika: sifa zile zile ndizo watu wa ufukweni walizozifuata miongo kadhaa baadaye, wakachukua fremu zilizotupwa na kuzivua madoido yote. Nami nafuata njia hiyo ya kuvua.

Jumamosi: fremu juu ya meza

Kwanza jicho. Chini ya bomba la chini, karibu na shingo ya usukani, ndipo fremu iliyowahi kugonga kitu inapojisema: rangi hujikunja au chuma huvimba kidogo, kama ngozi ya kidole kilichobanwa. Nimepitisha kidole pale mara mbili huku nimefumba macho. Laini.

Kisha uzi. Unaufunga kwenye sikio la nyuma la kulia, pale ekseli inapokaa, unauzungusha mbele ya bomba la usukani, unaurudisha hadi sikio la kushoto na kuukaza. Halafu unapima umbali kati ya uzi na bomba la siti, upande huu na upande ule. Vipimo vikilingana, mkia wa fremu umenyooka. Tofauti ya milimita moja au mbili hainisumbui. Ikizidi hapo cheni haitakaa sawa na gurudumu litakimbilia upande. Yangu imepita.

Masikio ya nyuma yanaachana milimita 110, kipimo cha kawaida kwa habu (vitovu vya gurudumu) za breki ya kukanyaga nyuma. Hilo limenifurahisha kuliko rangi yoyote, maana sitalazimika kuitanua fremu.

Nilipoipindua, unga mwekundu ulimwagika kutoka kwenye bomba la krenki, pale inapopita ekseli ya mikono ya pedali. Fremu za aina hii zina faida hapo: bomba hilo lina kipenyo cha ndani cha karibu milimita 51, unaweza kuingiza tochi na kuona mabomba yote yanapokutana. Kutu ilikuwa ya juujuu. Nikagongagonga kila bomba kwa mpini wa bisibisi nikisikiliza: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Hakuna palipotoa sauti butu.

Kutu na rangi

Hapa sina mengi. Brashi ya waya, msasa wa kukwaruza kisha wa laini, rangi ya msingi ya kuzuia kutu, rangi mbili juu yake. Kila mtu ana njia yake.

Kinachostahili maneno ni ndani ya mabomba, mahali ambapo hakuna anayepaka rangi na ndipo fremu za pwani zinapofia. Nimemimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa kupitia bomba la siti, nikazungusha fremu polepole pande zote, nikaiacha imening'inia ili yanayozidi yadondoke. Yakikauka huwa utando mgumu kidogo unaoshika chuma. Onyo moja la kweli: matambara yenye mafuta haya usiyarundike. Yanapokauka hutoa joto, na rundo lililobanwa linaweza kuwaka lenyewe. Ninayatandaza nje moja moja mpaka yawe makavu kabisa.

Pia nimetoboa tundu dogo chini kabisa ya bomba la krenki. Maji yataingia tu, hata ufanye nini. Kazi yangu ni kuyapa mlango wa kutokea.

Inchi 26 zisizo sawa

Usiagize rimu kwa kusoma "26" peke yake. Nimekaa na tairi tatu kuukuu mkononi, zote zimeandikwa 26, na hakuna hata mbili zinazoingia kwenye rimu moja. Ya 26 × 2.125 hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 559. Ya 26 × 1⅜, ile nyembamba ya baiskeli za mjini, hukaa kwenye 590. Na kichekesho chenyewe: 26 × 1.75 na 26 × 1¾, ambazo kwa hesabu ya darasani ni namba moja, ni tairi mbili tofauti. Iliyoandikwa kwa nukta ni 559, iliyoandikwa kwa sehemu ni 571. Namba ya kutafuta ni ile ndogo pembeni mwa tairi, mfano 54-559: upana, kistari, kipenyo. Hiyo haidanganyi.

Nimechagua rimu za alumini, 559, pana, matundu 36. Nzito kidogo hazinitishi. Zisizoshika kutu ndizo nizitakazo.

Krenki ya kipande kimoja

Mikono yote miwili ya krenki na ekseli yake ni chuma kimoja kilichopindwa kama herufi Z iliyolala. Wapenda baiskeli za mbio huicheka. Mimi naipenda kwa sababu naifungua kwa spana moja na bisibisi, popote nilipo, na gololi zake ni kubwa kiasi kwamba chembe moja ya mchanga haiwezi kuzisimamisha.

Jambo la kukumbuka: nati na koni (kipande kinachokandamiza gololi) ya upande wa kushoto zina uzi wa kinyume. Kufungua ni kuzungusha kwenda kulia, kwa mwelekeo wa saa. Pedali ya kushoto nayo ni kinyume. Na pedali za krenki hii zina uzi wa nusu inchi, si inchi 9/16 za krenki za vipande vitatu, kwa hiyo pedali nzuri uliyonayo stoo huenda isiingie kamwe.

Nimesafisha vikombe, nimebadilisha gololi pamoja na vizimba vyake, nimejaza grisi ya boti. Ile grisi nene inayokataa maji. Nimeijaza hadi ikafurika pembeni na sikuifuta yote, maana hicho kiukingo kinachobaki nje ndicho kinachonasa mchanga kabla haujaingia.

Kukaza: kaza koni mpaka krenki igome kidogo, legeza robo mzunguko, shika ncha za mikono na utikise. Pasiwe na mchezo, na krenki ikisukumwa izunguke kwa wepesi.

Habu ya nyuma, moyo wa kazi

Mdogo wangu alisimama akaitazama fremu kwa muda. "Kaka, waya wa breki unapita wapi?"

"Haupiti popote. Breki iko ndani ya habu."

Akaniangalia kwa huruma. Nikaifungua mbele yake.

Ndani kuna skrubu nene iliyounganishwa na sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, na juu yake koni inayosafiri. Ukikanyaga mbele, skrubu inaivuta koni kulia mpaka inashika ganda la habu, gurudumu linazunguka. Ukiacha kukanyaga, koni inalegea na unateleza. Ukirudisha miguu nyuma, skrubu inaisukuma koni kushoto, inaingia katikati ya viatu vya breki na kuvipanua vikandamize ukuta wa ndani wa ganda. Chuma kwa chuma, kwenye grisi. Ni werevu wa zamani na bado sijaona kilichoupita kwa mazingira ya mchanga, kwa kuwa kila kinachofanya kazi kimefungiwa ndani.

Grisi ya humo isiwe ya kawaida. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na joto lote linaishia ndani ya kikopo hicho kidogo. Ushahidi upo: mwaka 1976, huko Marin County, California, vijana waliokuwa wakishuka mlima kwa baiskeli kuukuu za tairi nene waliyaita mashindano yao Repack, kwa sababu baada ya mteremko grisi ya habu ilikuwa imeungua ikatoka moshi, na ilibidi kufungua na kujaza upya. Ufukwe hauna mteremko wa aina hiyo, lakini nimeweka grisi ya joto kali hata hivyo.

Kuna mkono wa chuma unaotoka upande wa kushoto wa habu na kufungwa kwenye bomba la fremu. Usidharau kibanio chake. Mkono huo ndio unaozuia ekseli isizunguke breki inaposhika. Ukifunguka, breki hakuna, na ekseli inaweza kujilegeza yenyewe. Nimeweka boliti ya stenlesi na nati ya kujifunga.

Meno mangapi?

Hili limenichukua jioni nzima na karatasi, na naona ndilo linaloamua kama baiskeli itapendwa au itaegeshwa. Gia ni moja tu. Ukikosea, unakosea kila unapokanyaga.

Sproketi ya mbele ina meno 44. Habu ilikuja na meno 18 nyuma. Uwiano ni 2.44. Gurudumu langu lenye tairi hilo husafiri karibu mita 2.07 kwa mzunguko, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali ni takriban mita 5. Kwa mizunguko 60 kwa dakika, mwendo mtulivu wa miguu, unapata kama kilomita 18 kwa saa. Kwenye lami ni raha tupu. Kwenye mchanga mgumu wenye upepo wa usoni, ukiwa umekaa wima na kifua kinaukinga upepo wote, ni adhabu.

Meno 22 nyuma yanatoa uwiano wa 2 kamili: mita 4.1 kwa mzunguko, karibu kilomita 15 kwa saa kwa miguu ile ile. Nimechukua 22. Wapo watakaosema 20 ni katikati nzuri, na kwa njia ya saruji kando ya bahari nakubaliana nao. Lakini mchanga hula nguvu, na ukiwa na gia nyepesi mno hasara yake ni kwamba hutamkimbiza mtu. Sproketi yenyewe inabanwa na pete ya waya tu. Bisibisi bapa, dakika chache, unaibadilisha.

Kusuka magurudumu

Kazi niliyoingoja. Spoki za stenlesi, 36 kila gurudumu, mtindo wa kupishana mara tatu.

Nilianza na spoki 9 za upande wa kulia, tundu moja ndiyo moja hapana kwenye habu, kila tundu la nne kwenye rimu, ya kwanza ikiwa jirani na tundu la valvu. Geuza, 9 za kushoto. Halafu unalizungusha ganda la habu kwa mkono mpaka spoki zilale mshazari, na hapo ndipo fujo ya vyuma inapoanza kuonekana gurudumu. Zinazobaki kila upande zinapita juu ya mbili na chini ya ya tatu. Pale zinapogusana zinapindana kidogo na kushikiliana. Ukimaliza, hakikisha valvu imekaa kati ya spoki zinazokaribia kuwa sambamba, la sivyo kichwa cha pampu hakitaingia.

Kukaza ni subira. Nati zote kwanza mpaka uzi wa spoki upotee, kisha nusu mzunguko kila moja, kisha robo. Nilifunga kipande cha waya kwenye foku kama kielekezi, nikawa nazungusha gurudumu na kusikiliza linapokwaruza. Likivutia kulia, legeza kidogo za kulia, kaza za kushoto, na usishughulikie spoki moja peke yake. Baada ya kila awamu nashika spoki sambamba mbili mbili na kuzikamua kwa nguvu. Zinatoa mlio mkavu, ting, zinapojinyoosha kwenye viti vyake. Mlio huo ni bora usikike mezani kuliko njiani. Mwisho unazichapa kwa ukucha moja baada ya nyingine: za upande mmoja zikitoa sauti inayokaribiana, mvutano uko sawa.

Habu hii haina rundo la gia upande mmoja, kwa hivyo gurudumu halijaegemea, na mvutano wa pande mbili unakaribia kufanana. Ndiyo maana magurudumu ya mtindo huu huishi miaka.

Breki ya mbele: nyongeza pekee

Nilisema nafuata njia ya kuvua. Hapa nimeongeza, na sioni haya. Breki ya kukanyaga nyuma inategemea cheni; cheni ikichomoka, umebaki na viatu vyako. Baiskeli yenye breki moja tu siipandi palipo na watoto wanaokimbia huku na huku.

Breki za kubana rimu hazikufaa: mikono ya kawaida haifiki kuzunguka tairi la upana huu, na rimu iliyojaa mchanga uliolowa hugeuka msasa wa kula alumini. Nimetumia habu ya ngoma ya kampuni ya Sturmey-Archer, ambayo viatu vya breki hukandamiza ndani ya ngoma ya milimita 70. Yote imefunikwa. Ganda lake lina kipenyo kikubwa, kwa hiyo spoki zake ni fupi kuliko za nyuma. Kila gurudumu lipimiwe lake.

Ngoma nayo ina mkono wa kuzuia, na nguvu yake inaangukia mguu wa kushoto wa foku. Foku ya zamani ilikuwa nyembamba na imechoka, nikaweka mpya ya chuma kinene. Na hapo jambo dogo likajitokeza: shingo ya usukani ya zamani ina kipenyo cha milimita 21.1, foku mpya inataka 22.2. Kwa macho hazitofautiani. Ile nyembamba inaingia kwenye foku pana, unaikaza, inaonekana imeshika, na siku moja unageuza usukani gurudumu halifuati. Kipimo cha kalipa (chombo cha kupimia kipenyo) kabla ya spana.

Bomba la siti la alumini ndani ya fremu ya chuma nimelipaka grisi kwa wingi, na nitalizungusha kila baada ya muda. Metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi hung'ang'aniana hadi zisitenganishike.

Cheni

Pana, ya inchi 1/8, iliyopakwa nikeli. Mafuta ya cheni ufukweni ni gundi ya mchanga, kwa hiyo nimetumia nta. Kwanza kuondoa grisi yote ya kiwandani kwa kuiosha mara kadhaa mpaka kiosheo kibaki safi. Kisha kuyeyusha parafini kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na kuizamisha cheni humo mpaka mapovu yakome. Mapovu ni hewa inayotoka ndani ya pini; yakikoma, nta imeingia. Ikipoa cheni inakuwa ngumu kama fimbo, unaikunjakunja kiungo kwa kiungo hadi ilegee.

Mvutano: katikati ya cheni ipande na kushuka kama sentimita moja. Zungusha krenki taratibu uangalie mahali inapokaza zaidi, maana sproketi chache ni duara kamili, na upimie hapo.

Mchangani

Imetembea. Inanyooka yenyewe, haina haraka, na usukani mpana unafanya kila kona iwe ya mabega badala ya viganja.

Upepo wa tairi ndio nimekuwa nikiuchezea. Pembeni pameandikwa 35 hadi 65 psi, kipimo cha shinikizo la upepo. Kwa 50, tairi linachora mfereji kwenye mchanga. Kwa 35 linaelea vizuri kwenye ukanda ule ulio juu kidogo ya mstari wa maji. Nilishuka chini ya hapo, raha ikaongezeka, lakini valvu ikaanza kuinama. Breki zote mbili ziko ndani ya habu, kwa hiyo nguvu ya kusimama inapita kwenye spoki hadi rimu, na tairi lenye upepo mdogo huteleza juu ya rimu likiburuta tyubu. Valvu iliyoinama ni tyubu inayokaribia kuchanika kwenye shina lake. Nimerudi 35 na sishuki. Mchanga mkavu wa juu haupitiki kwa upepo wowote; huo ni wa tairi za inchi 4, baiskeli nyingine kabisa.

Breki ya mbele naitumia palipo imara tu. Kwenye mchanga laini, miguu nyuma.

Baada ya kila safari: maji baridi ya kumwagia, bila mpira wa shinikizo maana shinikizo husukuma chumvi ndani ya gololi, kisha kuidundisha mara mbili tatu na kuiacha kivulini. Nimeona kwamba tairi la nyuma linarusha maji moja kwa moja kwenye bomba la siti na krenki. Kwa hiyo madigadi ya nyuma inakuja, ya plastiki, yenye nafasi ya kupitisha kidole gumba juu ya tairi ili mchanga usikwame. Ya mbele naiacha.